Sura ya Tisa: Trei ya Pili

"Saa kumi kamili," Daktari Eapen alisema. "Sikuongezi hata dakika moja."

Inspekta Haimavathi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na robo mchana. Nyuma ya kioo cha wodi ya mahututi alilala Shyamili, karani wa posta, miaka ishirini na sita, akihema kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani. Wiki saba zilizopita daktari huyuhuyu alimfungua kifua akamtia vali mpya ya moyo. Sasa damu ilikuwa imegandia kwenye vali hiyo, na upande wake mmoja haukufunguka tena.

"Nieleze tena, daktari. Polepole, mimi ni polisi."

"Vali ikiwa mbovu, damu itaendelea kugandia pale hata nimpe dawa gani. Itabidi nimpasue, niitoe, nimtie nyingine. Kwa hali aliyo nayo, wagonjwa wanne katika kumi hawatoki mezani. Vali ikiwa nzima simpasui. Nampa dawa ya kuyeyusha donge. Lakini dawa hiyo ikishaingia mwilini siwezi tena kushika kisu, atavuja damu mpaka aishe. Njia ni moja. Nikikosea, nimemuua."

"Na wewe moyo wako unasemaje?"

Daktari alijisugua macho. Hakuwa amelala kwake siku mbili. "Watatu waliotiwa vali za toleo hilohilo nimeshawapoteza, vali namba ishirini na sita, thelathini na tatu na thelathini na tisa. Huyu ana namba kumi na mbili. Kipimo chake cha damu siku alipoletwa kilikuwa kizuri, maana yake vidonge vya kuzuia kuganda anameza. Kilichobaki ni vali tu. Lakini siwezi kumpasua mtoto wa watu kwa kudhani. Niletee ushahidi, afande."

Kwenye benchi ya korido alikaa Thankamani, mama wa mgonjwa, mwanamke mwembamba mwenye mfuko wa plastiki mapajani. Mkwewe, mume wa Shyamili, alikuwa Sharjah, Uarabuni, akihangaikia tiketi. Haimavathi alipopita, mama alisimama na kutoa kadi ya dawa kwenye mfuko, kama alivyofanya jana na juzi. Kila siku ilikuwa na alama yake ya vema.

"Afande, wale wa kiwanda cha vali wanasema wagonjwa wanakula majani ya mlonge, ndiyo yanaua dawa. Nyumbani kwangu mlonge nimeukata. Nimeukata na shoka mwenyewe, siku aliyotoka hospitali. Waambie."

"Nitawaambia, mama."

"Na kidonge hajakosa hata kimoja. Tazama."

"Nimeona, mama. Kaa, upumzike."

Haimavathi alishuka ngazi mbilimbili. Kwa siku ishirini kiwanda kilikuwa kinampiga danadana. Leo alikuwa ametoka kwa hakimu na hati ya upekuzi mkononi, na alitaka kitu kimoja tu: vali namba kumi na mbili ipatikane na hatia.

*

Konstebo Baburaj aliendesha gari kama aliyefukuzwa na nyuki. Kilomita thelathini walizimaliza kwa dakika arobaini na tano, na kwa barabara ile, yenye ng'ombe, mabasi na maandamano ya chama mbele ya kila soko, hiyo ilikuwa kasi ya kutisha.

Gopakumar, mkuu wa ubora wa kiwanda, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.

"Karibuni. Nitaagiza chai."

"Chai nitakunywa kwetu. Nataka kitabu cha toleo la arobaini na saba."

"Madam, tumeshaeleza. Vali zetu tunazipaka utando wenye dawa, kitambaa chote cha kushonea, ili damu ikipita isione kitu kigeni. Ni kazi ya hali ya juu. Halafu mgonjwa anakwenda zake nyumbani, anafagia sinia la mlonge, anasahau vidonge wiki nzima. Damu ikiganda, lawama kiwandani."

"Huyu wa sasa mama yake aliukata mti kwa shoka."

"Ndivyo anavyosema."

"Kitabu, Bwana Gopakumar. Hati unayo mkononi."

Kitabu kilikuja upesi mno, mtu alikuwa amekiweka karibu. Kilikuwa rejesta ya jalada la kitambaa cha kijani, safi. Haimavathi aliketi akasoma kila mstari kwa kidole. Toleo lilikuwa na vali arobaini, trei mbili za ishirini ishirini. Trei ya kwanza iliingia kwenye beseni la dawa saa mbili asubuhi, ikatoka saa nane mchana. Ya pili iliingia saa nane na nusu mchana, ikatoka saa mbili na nusu usiku.

"Kwa nini muda wa saa sita?"

"Ndio kipimo. Ukipunguza, utando haushiki. Ukizidisha unavimba, na ukikauka unabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Na palipobanduka damu inagandia. Ndiyo maana tunaandika kila kitu."

"Naona." Alishuka mstari mmoja. Kesho yake, saa nne asubuhi: trei zote mbili zimekaguliwa, utando safi, zifungwe. Sahihi: Ponnamma.

Ukutani nyuma ya Gopakumar palikuwa na kalenda kubwa, ile ya tarakimu nyekundu na nyeusi iliyoko kila ofisi na kila jiko. Haimavathi aliinuka akaifunua kurudi nyuma hadi Oktoba. Alitazama tarehe, akatazama kitabu, akatazama tarehe tena. Siku vali zilipopakwa ilikuwa Ashtami, siku ya nane ya sikukuu ya mungu wa kike. Siku zilipokaguliwa ilikuwa Navami, ya tisa.

Jioni ya Ashtami zana zote hupakwa liwa, ule msandali uliosagwa, na kulazwa mbele ya taa, na mpaka asubuhi ya Dashami, siku ya kumi, hakuna anayegusa nyundo wala kalamu. Hata watoto watoro huwa wacha Mungu siku hiyo, maana ni marufuku kusoma. Kituoni kwa Haimavathi bunduki zililazwa, na kitabu cha zamu juu yake. Mwizi mmoja wa nazi aliyekamatwa siku ya Navami alikaa bila kuandikwa mpaka kesho yake, akala bisi na sukari guru za sadaka pamoja na waliomkamata.

"Ninyi hapa mlilaza zana?" aliuliza, kama anayepiga soga.

"Kila mwaka. Sisi ni watu wa dini, madam. Mashine, vipimo, vitabu, vyote."

"Na kitabu hiki?"

"Hicho ndicho cha kwanza. Ndicho moyo wa kazi."

"Liwa iko wapi?"

Gopakumar alikishika kitabu, akakigeuza. Jalada halikuwa na doa.

"Itakuwa imefutika."

"Liwa kwenye kitambaa? Kitabu cha zamu nimekisugua kwa sabuni na brashi, doa linanicheka mpaka leo. Baburaj, Bwana Gopakumar atakuonyesha wanapochemshia chai. Simu yake mkononi mwako. Na mniitie huyu Ponnamma."

*

Ponnamma aliingia akiwa bado na kofia nyeupe ya chumba safi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mikono iliyooshwa kwa dawa hata ngozi ya vidole ikawa kama ya mtu aliyekaa majini. Hakuketi mpaka alipoambiwa mara ya pili.

"Dada, chumba cha kupaka ni chako?"

"Mwaka wa kumi na tisa, afande."

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Unashika kalamu siku ya Navami?"

Alitazama mlango. Hapakuwa na mtu.

"Tangu nizaliwe sijashika," alisema.

"Basi uliandika lini?"

"Ukaguzi niliuandika Dashami, asubuhi." Alianza kuvua kofia, ikamkwama kwenye pini za nywele, akaiacha. "Watoto wa jirani walikuwa wanaandikishwa jina la Mungu kwenye mchele. Ndiyo siku takatifu ya kuanza kuandika, afande, na mimi nikaandika uongo."

Haimavathi aliitazama saa yake. Saa nane na dakika tano. Alitamani kumkamua mama yule kama nguo, lakini alijua mtu wa aina hii ukimkaba koo ananyamaza kabisa. Akasogeza kiti.

"Niambie kilichotokea. Kuna msichana anakata roho, na daktari wake hajui amfanyie nini."

"Kuhani alipangwa kuja saa tatu usiku. Nikapiga hesabu, trei ya pili itakuwa imeshatoka. Akaja saa kumi, anasema ana viwanda sita jioni ile na yeye ana miguu miwili tu. Bosi, huyu Gopakumar, akasema washeni taa. Mimi nilikuwa uani natunga maua ya kuvisha mashine. Niliporudi mashine imeshazimwa, imepakwa liwa, kengele inalia. Trei iko ndani."

"Hukusema?"

"Kila mtu amefumba macho anaomba. Nimguse nani? Zana imeshalazwa, afande. Ukiigusa umevunja mwiko." Sauti yake ilishuka. "Nililala nayo kichwani usiku ule na Navami yote. Dashami nilifika kabla ya mlinzi. Nikaitoa. Kitambaa kilikuwa kimevimba kama mkate kwenye chai. Nikamwambia bosi tuzitupe. Akaniambia, Ponnamma, kitu kilicholala siku mbili mbele ya Mungu kinaharibikaje? Wewe imani yako iko wapi?"

"Ukamwamini?"

"Nilitaka kumwamini. Mimi ndiye niliyeiingiza trei. Nilijiambia zimebarikiwa, labda zitakuwa bora kuliko zote." Alilia bila sauti, machozi yakidondoka kwenye ile mikono iliyochubuka. "Aliposikia wa kwanza amekufa alileta kitabu kipya, tukanakili. Cha zamani akaniambia nikichome."

"Ukakichoma?"

Ponnamma alimtazama kama aliyeulizwa kama ameshawahi kumla mwanawe. "Kitabu kilichopakwa liwa? Nikichome?"

Kilikuwa kwenye kabati lake la nguo, chini ya mkebe wa chakula, kimefungwa kwa kitambaa cheupe chenye mpaka wa dhahabu. Doa la liwa lilikuwa katikati ya jalada, kubwa kama kidole gumba, na nukta nyekundu juu yake. Ndani, mwandiko wa siku yenyewe ulikuwa na haraka na matone ya maji. Trei ya pili: iliingia saa nane na nusu. Ilitoka Dashami, saa moja asubuhi. Dada yule alikuwa ameandika ukweli kwanza, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, kabla hajaambiwa aandike kingine.

Haimavathi alihisi furaha ikimpanda kifuani, furaha mbaya ya mwindaji. Akatoa simu ampigie daktari. Kisha akasita, maana polisi mwema huuliza swali la mwisho hata kama jibu analijua.

"Trei ya pili ilikuwa na namba zipi?"

"Ishirini na moja mpaka arobaini."

Ile furaha ikakatika palepale. Ishirini na sita, thelathini na tatu, thelathini na tisa. Namba zilikuwa mbele ya macho yake siku zote ishirini, na hakuziona, kwa sababu alikwisha kuamua nini anataka kuona.

"Kumi na mbili?"

"Hiyo ya kwanza. Ya kwanza ilitoka saa nane kamili, niliitoa mwenyewe, tazama."

"Haikurudi ndani? Haikuchanganyika?"

"Afande, kila vali ina namba yake na tundu lake."

"Dada Ponnamma, nakuuliza mara ya tatu na nitaandika. Vali namba kumi na mbili ina ubovu wowote?"

"Naapa kwa macho yangu. Ile ilikuwa nzuri. Ningemtia mwanangu."

*

"Usipasue," Haimavathi alisema kwenye simu. Gari lilikuwa limeshatoka getini. Gopakumar na vitabu viwili walibaki na polisi wa kituo cha jirani. Makao makuu walikuwa na orodha ya vali kumi na saba zilizosalia za trei ya pili. Sita zilikuwa bado kwenye makabati ya hospitali, na kumi na moja vifuani mwa watu waliokuwa wakiendelea na shughuli zao alasiri ile. Simu zilikuwa zimeanza kupigwa.

Daktari Eapen aliuliza: "Una hakika?"

"Nimekiona kitabu, na aliyekiandika."

"Basi hali imekuwa mbaya zaidi. Vali nzima haigandishi damu ya mtu anayemeza vidonge. Kuna siku damu yake ilikaa bila dawa, halafu wakamrudishia kabla ya kumleta, ndiyo maana kipimo kikawa kizuri. Nataka kujua siku zipi. Donge la chini ya wiki tatu linayeyuka. Likiwa la zamani zaidi halisikii dawa, linameguka vipande na kupanda kichwani. Hapo itabidi nipasue tu na Mungu anisaidie."

"Muulize mama yake."

"Nimemuuliza. Ameapa. Nesi amemuuliza mara mbili, ameapa kwa miungu yote ya wilaya hii. Wewe kazi yako ni nini, afande?"

"Yuko vipi?"

"Midomo imeanza kuwa ya bluu."

Haimavathi alikata simu. "Baburaj."

"Nimesikia, afande." Baburaj alipanda juu ya kingo za barabara kuyapita maandamano.

Waliingia hospitali saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Thankamani alikuwa palepale kwenye benchi. Aliinuka, mkono umeshaingia kwenye mfuko kutafuta kadi.

"Kadi siitaki, mama. Nipe mfuko."

Aliumwaga kwenye benchi. Kitana, taulo, picha ya mungu ya plastiki, pakiti za vidonge. Haimavathi alisoma maandishi ya duka la dawa: vidonge sitini. Siku arobaini nyumbani, kimoja kwa siku. Vilipaswa kubaki ishirini. Alivihesabu mara moja, kisha mara ya pili akivigusa kimoja kimoja.

"Ishirini na tano," alisema. "Vitano vimezidi."

Mama alianza kuvirudisha mfukoni.

"Mwanao hakumeza siku tano. Zilikuwa siku zipi? Daktari anangoja pale."

"Kadi ina alama zote."

"Leo nimeona kitabu kizuri kuliko kadi yako, mama, na kilikuwa uongo mtupu. Siku tano. Lini?"

Mlango wa wodi ulifunguka, Daktari Eapen akasimama pale na glavu mkononi. Haimavathi alimgeukia.

"Siku tano, daktari. Andika siku tano."

"Si tano," mama alisema.

Aliisema kwa sauti ndogo, lakini korido nzima ilisikia.

"Ni tisa. Kisha nilimpa viwili viwili siku nne za mwisho, alipoanza kukosa pumzi. Nilidhani nitavifidia." Alikuwa akiongea na sakafu. "Alipata siku zake za mwezi, zikagoma kukatika. Siku ya saba, kitanda kizima damu. Dada yangu alikufa hivyohivyo. Nitamwambia nani? Hospitali madaktari wote wanaume, mkwe yuko mbali, wakwe zake wanangoja tu waseme msichana ana kasoro. Nikasema nimpumzishe kidogo na hivi vidonge, damu itulie. Ikatulia. Nikafurahi, afande. Nilitia alama kwenye kadi ili asigombezwe."

Daktari alikuwa akihesabu kwa midomo. "Tisa, nne, na mbili za hapa. Siku kumi na tano. Ni changa." Alishageuka. "Sista, ile dawa. Sasa hivi. Chumba cha upasuaji waambie wavue glavu, hatupasui."

Mlango ulifungwa. Kupitia kioo Haimavathi aliona nesi akitundika chupa, na tone la kwanza likishuka kwenye mrija.

"Muda gani?" alimuuliza nesi wa mlangoni.

"Saa sita, labda nane. Ama donge litayeyuka, ama." Nesi alitazama kioo.

Thankamani alikuwa bado amesimama. Alikunjua mikunjo ya sari yake, akajifuta uso, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Inspekta, viganja juu, vifundo vimegusana, kama alivyoona watu wakifanya kwenye televisheni.

"Nipeleke kabla hajaamka," alisema. "Asije akaniuliza."

Haimavathi hakuwa na pingu, na hata angekuwa nazo hakujua kosa lile angeliandika vipi. Aliishika ile mikono miwili, akamketisha mama yule kwenye benchi katikati ya vidonge vilivyomwagika, akaketi naye, wakangoja.